Nyumba Isipambwe Kabla ya Kuulizwa

Ziko nyumba ambazo mpita njia hawezi kuzipita bila kusimama. Milango yake imechongwa maua na majani, roshani zake zimetokeza juu ya kichochoro, na kuta zake, ingawa zimebabuka, zina haiba ambayo kuta mpya hazina. Nyumba kama hizo zinapotangazwa kuwa zinauzwa, hata mtu asiye na akiba ya mwezi mmoja huzinunua kwa mawazo. Hupaka ukumbi rangi, hutundika mapazia, hutandika mazulia, huchagua mahali pa kuweka taa ya shaba, na kabla ya usingizi kumchukua amekwisha kualika wageni.

Sioni aibu katika tamaa hiyo. Uzuri ni haki ya macho ya kila mtu, na ndoto haitozwi kodi. Makala haya hayagombani na watamanio nyumba nzuri. Yanagombana na desturi moja iliyoenea miongoni mwa wenye fedha na wasio na fedha pia: kuipamba nyumba ya zamani kabla ya kuiuliza imejengwa na nani, kwa mali gani, na inasimama kwa kanuni gani. Nasema kwamba desturi hiyo huiua nyumba mara mbili. Kwanza huua mwili wake. Kisha huua kumbukumbu yake.

Naandika nikiwa Kabungu, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, mbali na bahari na mbali na maghorofa ya mawe. Yamkini msomaji wa pwani ataniuliza: mtu wa bara, ambaye jirani zake ni wakulima wa mahindi na tumbaku, ana neno gani juu ya nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja? Swali ni la haki. Jibu lake ndilo kiini cha hoja yangu, nami naomba nisikilizwe.

Tuchukue mfano wa jumba moja lililo mashuhuri, lile liitwalo Zahanati ya Zamani, linalotazama bandari ya Unguja. Jumba hilo lilianzwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, kwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza. Alikusudia liwe hospitali. Hakuliona likikamilika, kwani alifariki mwaka 1891, na kazi ikaisha mwaka 1894. Mwaka 1900 likauzwa, na mwenye kulinunua akaweka zahanati katika orofa ya chini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilitwaliwa na serikali, likachakaa sana, hata katika miaka ya 1990 likatengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan. Roshani zake za mbao zilizochongwa kwa ustadi wa Kihindi, madirisha yake ya vioo vya rangi na ua wake wa ndani vinapendeza mno. Mtu akitaka kuona nyumba ya enzi ya Malkia Victoria hana haja ya kwenda London. Akate tikiti ya meli pale Dar es Salaam.

Lakini mali iliyojenga jumba hilo ilitoka wapi? Tharia Topan alikuwa mfanyabiashara mkubwa aliyepata kukodi forodha ya Sultani, tena alikuwa mkopeshaji wa misafara iliyokwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Miongoni mwa aliowakopesha ni Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ambaye mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Bidhaa za mkopo, nguo na shanga na bunduki, zilipanda bara. Pembe zikashuka pwani. Hazikushuka kwa gari, wala kwa ng'ombe, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo njiani. Zilishuka juu ya mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na njia ya kutoka ziwa Tanganyika kupita Tabora hadi Bagamoyo ilizidi kilomita 1,000. Wako waliobeba kwa ujira, na Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo. Wako waliobeba kwa kulazimishwa, nao walipofika pwani waliuzwa pamoja na mzigo.

Sasa msomaji ameona jibu langu. Nyumba kuu za Unguja zimesimama ufukoni, lakini sehemu ya msingi wake imelazwa huku kwetu. Hatuna hati, hatuna ufunguo, wala hatudai chumba. Lakini tuna neno. Mzee ambaye bega lake lilichubuka ana haki ya kuulizwa habari za nyumba kuliko fundi wa mapazia.

Tena jambo hili halikomei Unguja. Nyumba za fahari za Uingereza na Marekani za zama hizo hazikuhesabiwa kuwa zimetimia bila piano sebuleni, na vidole vyake vyeupe vilikuwa vya pembe. Uko mji katika jimbo la Connecticut, Marekani, unaoitwa Ivoryton, na maana ya jina hilo ni mji wa pembe, kwa sababu viwanda vyake vilipasua pembe za Afrika kuwa vidole vya piano. Leo mtu wa huko akinunua nyumba kama hiyo, akaivutia piano ya zamani na kuipangusa vumbi, anadhani amepata pambo lisilo na historia. Kumbe amegusa kazi ya ndovu aliyeuawa na mtu aliyetembea miezi.

Niliahidi kusema juu ya mwili pia, maana nyumba ni mwili kabla ya kuwa pambo. Nyumba ya mawe ya pwani imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, wala si kwa ubahili wa mjenzi: dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haitoshi kuvuka upana wa zaidi ya mita 3 hivi. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa; huo ndio uhai wake. Basi anakuja mnunuzi mpambaji, mwenye haraka na picha mkononi. Anaona lipu ya chokaa inabanduka, anachukia, anaagiza saruji. Saruji inang'aa mwaka mmoja, mnunuzi anasifiwa. Lakini unyevu uliozoea kutoka umefungiwa ndani. Chumvi inakusanyika, jiwe linaoza nyuma ya ngozi nzuri, na siku lipu itakapoanguka itaanguka na ukuta. Kisha anataka bafu katika kila chumba cha ghorofani. Bomba linavuja kidogo kidogo juu ya boriti, wala hakuna anayeona, kwa sababu chini ya boriti pamekwisha kupigiliwa dari mpya ya kuficha ubaya. Huyo ameipenda nyumba kama mtu ampendavyo mgonjwa kwa kumpaka wanja.

Kama maneno yangu yanaonekana makali, na tuikumbuke Beit al-Ajaib. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883. Ilikuwa na nguzo za chuma, baraza pana za kuizunguka, milango iliyonakshiwa maandiko, na baadaye umeme na lifti. Ilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896, iliyoangamiza jumba la jirani yake. Mji Mkongwe ukaingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na picha ya nyumba hiyo ikazunguka ulimwengu. Hata hivyo, Desemba 25, 2020, ilipokuwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka, na watu 2 wakafa. Sikai hapa kumhukumu mtu. Nasema tu kwamba sifa zote tulizoimwagia nyumba ile hazikuongeza hata tofali moja katika ukuta wake. Tuliitazama miaka mingi. Kutazama hakukuizuia kuanguka.

Mshindani wangu atasema: ni rahisi kukosoa, wewe ungefanya nini? Vema, nami niruhusiwe kuota, maana nimekiri kwamba ndoto si dhambi. Lau ningepewa ufunguo wa nyumba mojawapo ya zile zinazouzwa, nisingenunua rangi mwaka wa kwanza. Ningengoja masika, nipande darini na taa, nione maji yanaingia wapi na yanatoka wapi. Ningeziba paa na kuzibua michirizi. Ningebandua saruji ya waliotangulia, nirudishe chokaa, nikiwatafuta mafundi wazee wanaojua kuilaza na kuisubiri, na vijana wawili watatu wa kujifunza kwao. Boriti iliyooza ningeiondoa na kutia boriti ya aina yake. Hayo yakiisha, ndipo ningeanza kupamba. Kuta ningezipaka chokaa nyeupe tu, ili kivuli cha nakshi kionekane. Mlango uliong'olewa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa vitu vya kale nisingeutafutia mwigo wa bei rahisi; ningeagiza mninga kutoka misitu ya Katavi, uliovunwa kwa kibali, na fundi wa leo auchonge kwa mkono wa leo. Baraza ya nje nisingeizungushia vyuma. Ningeiachia majirani wakae jioni, maana baraza isiyokaliwa ni ngazi tu.

Na katika ukumbi, mahali ambapo mwingine angetundika kioo cha dhahabu, ningetundika ramani ya njia ya misafara, tangu Karema na Ujiji hadi Bagamoyo na Unguja, na chini yake uzito wa mzigo, idadi ya siku, na majina ya makabila yaliyoupita mwendo ule. Nisingetundika minyororo ukutani ili mgeni apige picha. Msiba wa watu si pambo, na anayeutumia kuvutia wateja hana tofauti kubwa na aliyeutumia kupata pembe.

Wako wasemao kinyume kabisa: nyumba hizi ni ushahidi wa dhuluma, ziacheni zianguke. Nawaheshimu hao kuliko wapambaji, kwa kuwa angalau wameiuliza nyumba swali. Lakini wanakosea. Ukuta ukianguka, dhuluma haianguki nao. Kinachoanguka ni ushahidi. Zaidi ya hayo, ustadi uliomo ndani ya kuta hizo, wa wachomaji chokaa, wa waashi, wa wachonga milango, ulikuwa ustadi wa watu ambao aghalabu hawakumiliki kitu kingine. Kuubomoa ni kuwanyang'anya mara ya pili.

Wako pia wasemao kwamba nyumba ni mali ya aliyeinunua, na mwenye mali haulizwi. Hao hawasemi kweli hata katika mambo yao wenyewe. Mtu akinunua shamba lenye kaburi, haling'oi kaburi ili apande maua, ingawa hati ni yake. Ziko nyumba zilizobeba watu wengi mno kuwa za mtu mmoja peke yake.

Nisije nikaonekana kuwa nawasahihisha watu wa Unguja huku kwetu kukiwa shwari. Katika wilaya yetu hii hii iko Karema, ufukoni mwa Tanganyika, ambako mwaka 1879 jumuiya iliyoundwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji iliweka kituo chake cha kwanza katika nchi za ziwa, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers. Ni wangapi kati yetu hapa Kabungu wanaowaeleza watoto wao habari hiyo? Tunazijua picha za nyumba za ng'ambo, tunajua rangi za mapazia yake, ilhali mwanzo wa karne nzima ya mambo yetu uko mwendo wa siku moja kwa gari. Na nyumba za babu zetu za matofali ya udongo tunazibomoa bila hata kupima upana wa chumba, tunajenga nyingine kwa mfano wa picha, kisha tunalalamika kwamba ndani ni joto. Kosa la mnunuzi wa Unguja na kosa letu ni moja: tumefundishwa kuchagua mapambo kabla ya kufundishwa kuijua nyumba.

Basi wewe unayesimama leo mbele ya mlango wenye tangazo la kuuzwa, nawe umekwisha kupanga viti moyoni mwako, nakuomba uweke kipimo cha mapazia mfukoni. Uliza kwanza maji ya mvua yanapita wapi. Uliza ukuta umejengwa kwa nini. Uliza fedha ya mjenzi ilitoka wapi na nani aliibeba. Ukipata majibu, nunua, tengeneza, paka rangi uipendayo, nasi wa Kabungu tutakuja kukupongeza na kukaa barazani pako. Usipoyapata, usinunue hata kopo moja la rangi.