Hesabu ya Gunia Iko, Hesabu ya Pafu Iko Wapi?

Ndugu watumikaji, na ninyi baba na mama wakaaji wa mji,

Kila gunia la kobalti lapimwa kwa mizani. Likipungua kilo chache, makelele! Lakini mtu akirudi Mutshatsha na kifua kibovu, nani anaandika?

Zamani, Union Minière iliandika siku za ugonjwa za watumikaji wake, maana siku ya mgonjwa ilikuwa shaba iliyopotea. Ile ilikuwa hesabu ya kompani, si ya mtu.

Iko hesabu nyingine. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa dunia wanahesabu miaka inayonyang'anywa na ugonjwa. Mtu wa kufika miaka 70 akifa na 40, imepotea 30. Akiishi miaka 10 na nusu ya nguvu zake, imepotea 5. Jumlisha mtu kwa mtu, mtaa kwa mtaa: ndipo deni linaonekana.

Wakubwa watasema: «Hapana ushahidi.» Uongo! Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walitangaza mambo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliochimbwa hata chini ya nyumba. Kobalti katika mkojo na damu ya wakaaji ilipita sana ile ya watu wa mtaa wa jirani. Na tofauti kubwa kabisa ilikuwa kwa watoto!

Lakini mtaa mmoja si jimbo zima. Sensa ya nchi nzima ilifanywa mwaka 1984; tangu hapo tunakisiwa tu. Asiyejua watu wake ni wangapi, atajuaje ni wangapi wanaougua?

Basi tunadai. Kila zahanati ya Mutshatsha na Kolwezi iandike ugonjwa, na pia kazi ya mgonjwa na mtaa wake. Wahesabiwe wachimbaji wa mkono, mama wanaoosha mawe, na wazee walioacha kazi. Jumla isomwe mbele ya watu wote. Bali jina la mgonjwa lisifike kwa bwana wa kazi, asije akamfukuza.

Nawe ndugu, usifiche kikohozi chako. Ugonjwa usioandikwa haulipwi. Mwenye mizani ndiye anayetaja uzito: basi mizani ya afya yetu tuishike sisi wenyewe!