Nimetuma, Umepata?

Miaka mitatu ya mwanzo nilipohamia Maputo, mawasiliano yangu na nyumbani Nachingwea yalikuwa maneno mawili: “Nimetuma. Umepata?” Jibu la dada yangu halikuzidi sana hapo: “Nimepata, kaka. Mungu akuzidishie.” Mwezi ukiandama tunarudia. Mtu angezikusanya meseji zetu na kuzijalidi, angedhani ni daftari la madeni la dukani.

Jioni moja simu ikapokelewa na mpwa wangu, wakati huo yuko darasa la sita. Hakuuliza habari ya hela. Aliuliza, “Mjomba, huko mnakula nini?” Nikamweleza kwamba tunakula ugali, wenyeji wanauita xima, na kisamvu ambacho hapa jina lake ni matapa, hukiunga kwa karanga na nazi. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka: “Yaani ulienda mbali kote huko kufuata kisamvu?”

Nilicheka naye, lakini usiku sikulala vizuri. Mtoto wa dada yangu alijua kiasi nilichotuma hadi shilingi ya mwisho, na hakujua mjomba wake anaamka saa ngapi, anapanda gari gani, anaongea lugha gani na mwenye nyumba wake. Nilikuwa nimewapa hela nikawanyima habari.

Ndiyo maana nawaandikia nyinyi, wenzangu tuliozaliwa Nachingwea na Ruangwa na sasa tunaamkia ugenini, iwe Maputo, Durban, Muscat au Leicester. Nawaandikia pia mliobaki nyumbani, kwa sababu ombi langu lina ncha mbili.

Kwetu watu wa Dar es Salaam wamezoea kukutaja kama mwisho wa dunia. Dunia ilishafika kwetu zamani, tena ilikuja na matrekta. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kufyeka misitu ya Tanganyika ili ipande karanga: Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea, na Mtwara ikapangiwa bandari ya kina kirefu. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea. Reli nayo haikuishi sana: mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vyake vikang’olewa. Nachingwea leo tunayo kata inayoitwa Stesheni. Treni haipo.

Wazungu wale, tuwapende tusiwapende, walikuwa wageni kama mimi nilivyo mgeni Maputo. Na waliandika. Alan Wood, mwandishi wa habari aliyefanya kazi katika ofisi ya habari ya mradi wenyewe, alitoa kitabu kizima juu ya mkasa ule mwaka 1950, hata kabla haujafikia tamati. Yeyote anayetaka kujua Mwingereza aliionaje miaka ile ana pa kuanzia. Lakini babu zetu walioshika usukani wa matrekta yale, walioona msitu wa miombo ukilala chini kwa mnyororo kisha karanga zikagoma, kumbukumbu zao zimebaki midomoni. Na midomo hiyo inafungwa mmoja baada ya mwingine.

Wageni wa pili walikuja na bunduki, nao walikuwa ndugu. Farm 17, eneo ambalo jina lake lenyewe ni masalia ya mashamba yaliyokuwa yakihesabiwa kwa namba, likawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Samora Machel aliiongoza kambi hiyo kabla ya kuwa rais wa chama mwaka 1970. Wakufunzi kutoka China walikuja. Graça Simbine, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Graça Machel, alipata mafunzo hapo. Mwezi Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma kuanza safari ndefu ya kushuka kusini, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru.

Nilikuwa nayajua haya kijuujuu, kama mtu anavyoijua njia ya kwao. Uzito wake niliupata hapa Maputo. Mzee mmoja, mpiganaji mstaafu, aliposikia nimetoka Nachingwea aliinuka kwenye kiti, na kuinuka kwake si kwepesi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kikamtoka Kiswahili cha kwetu kusini, kizima, hakikuota kutu. Akaniuliza kama ming’oko bado inachimbwa. Akauliza habari za mama aliyekuwa akiwauzia mihogo ya kuchemsha, jinsi alivyokuwa akiwapa mkopo bila kuandika mahali. Sikumjua mama huyo. Akauliza tena, “Na nyinyi, mmeandika nini juu ya sisi?”

Swali hilo lilinikuta mikono mitupu. Wao wameandika. Wapiganaji na viongozi wengi wa Msumbiji wamechapisha kumbukumbu zao kwa Kireno, na Nachingwea imo ndani yake kama mji mtakatifu. Si kila ukurasa ni wa kushangilia. Katika mwezi huohuo wa Mei 1975, wapinzani wa FRELIMO, akiwemo Uria Simango aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama, waliletwa Nachingwea mbele ya umati wakasomeshwa maungamo yao. Habari hiyo inasimuliwa na Wasumbiji wenyewe, kila upande kwa namna yake. Wenyeji waliokuwa wakiishi jirani na kambi ndio mashahidi wasio na upande. Wamebaki wangapi? Waliokuwa na miaka kumi na mitano wakati ule sasa wamepita sitini.

Basi ncha ya kwanza ya ombi langu ni hii, na ni kwenu mlioko nyumbani. Kijana wa Naipanga, wa Ruponda, wa Mnero: kaa na mzee. Msimu wa ufuta ukiisha na minada ikitulia, nunua daftari moja kubwa, lile la kurasa nyingi, uende kwa bibi na kalamu. Simu yako inarekodi sauti, itumie, lakini usiiachie simu peke yake. Simu huanguka kisimani. Usimuulize, “Mlichangiaje ukombozi wa Afrika?” Atakujibu kama anayehutubia mkutano. Muulize waliuza nini kambini, kwa bei gani. Muulize wimbo waliousikia alfajiri. Muulize kama kuna dada yake aliyeolewa akavuka Ruvuma. Akichoka, mwache, rudi kesho na sukari.

Na Ruangwa msidhani mnaachwa. Wageni wenu ndio wanawasili sasa. Madini ya kinywe yamewaleta Waaustralia na wataalamu wa mataifa mengine katika vijiji ambavyo jana mgeni wake mkubwa alikuwa mnunuzi wa mbaazi. Wanapanga nyumba, wanajifunza kusema “shikamoo” kwa watoto wadogo, wanaandika kwao kila usiku juu ya vumbi letu na korosho zetu. Miaka hamsini ijayo mtu akitaka kujua Ruangwa ya leo ilikuwaje, atasoma barua zao kwa sababu zitakuwepo. Ningependa akute na ya kwenu: mwenye nyumba alimwonaje mpangaji wake, mpishi alishangazwa na nini, shamba la mtu lilipimwaje na fidia ilijadiliwaje uani baada ya maofisa kuondoka.

Tena Ruangwa mna wasafiri. Timu yenu ya soka, Namungo, ilipoingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2021, kundi lake lilikuwa na Raja ya Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Matokeo yake sina haja ya kuyakumbusha, wenye moyo wa Namungo bado wanaugua. Lakini fikiria kijana aliyezoea basi la kwenda Masasi akishuka Casablanca na begi la viatu. Alikula nini? Aliogopa nini ndani ya ndege? Ningelipa hela nzuri kusoma kurasa kumi tu za kijana huyo, kuliko magazeti kumi ya uchambuzi wa mechi.

Ncha ya pili inatuchoma sisi tulio nje. Kuandika safari kwa Kiswahili si jambo la kuiga kwa wageni. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, Mngazija, aliongozana na Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, na simulizi yake kwa Kiswahili ilichapishwa pamoja na safari za wenzake. Martin Kayamba alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi kwa niaba ya Watanganyika, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Karibu na siku zetu, Adam Shafi wa Zanzibar ametupa Mbali na Nyumbani, habari za kijana anayeitafuta Ulaya kwa kupita nchi kavu. Watu hawa hawakungoja kuitwa maprofesa. Walitazama, wakaandika.

Sisi tunapiga picha mbele ya magari yasiyo yetu. Mtoto wa Mbekenyera akiziona anadhani nje ni mahali pa kusimama na kutabasamu. Hajui kwamba wiki ya kwanza nilinunua mafuta ya kupaka nikiyadhani siagi. Hajui kwamba Maputo mtu ananunua nyanya kwenye kona ya barabara ya Karl Marx, anapoteza njia akiitafuta ya Mao Tse Tung, na anapoikuta ya Julius Nyerere anajisikia kama amekutana na mjomba wake sokoni. Hajui kwamba nilijifunza Kireno kwa gazeti la jana na kamusi iliyochanika, ndani ya chapa, ambayo ndiyo daladala yao, nikiwa nimekunjwa katikati ya abiria wawili waliokuwa wakinisahihisha matamshi bila kuombwa.

Hapa ndipo nilipogeuka msomaji. Nyumbani nilisoma ili nifaulu. Ugenini nilisoma kwa sababu jioni zilikuwa ndefu na wauza vitabu chakavu walikuwa njiani mwangu. Oktoba 2021 ilinikuta hivyo: Abdulrazak Gurnah wa kwetu akapewa Nobeli, na mwezi huohuo Paulina Chiziane wa hapa akapewa tuzo ya Camões, ile kubwa ya lugha ya Kireno. Majirani zangu wakanipongeza kwa Gurnah, nikawapongeza kwa Chiziane, kama tuliojaliwa watoto siku moja. Mwaka uliofuata Gurnah akaja kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nikaagiza nakala mbili. Moja ninayo. Ya pili iko Nachingwea, na dada ananiambia imeshapita nyumba tano, na jalada limetoka.

Nakala moja, nyumba tano. Tafakari tukipeleka hamsini.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye nje, ukifunga mzigo wa likizo toa shati moja, weka vitabu vitatu. Vya Kiswahili kwanza. Vya lugha ya huko baadaye, na humo uandike kwa penseli pembeni maana ya maneno magumu. Pamoja navyo weka daftari lako. Andika asubuhi yako, foleni yako, fundi viatu wako, siku uliyodhulumiwa na siku uliyosaidiwa na mtu usiyemjua. Usiogope kuandika kwamba unaosha vyombo. Mdogo wako anayeuza mashuka ili apate nauli ana haki ya kuyajua hayo kabla hajafika, si baada.

Kuna mtu atasema, daftari moja litakaa wapi? Likae kwenye kabati la shule uliyosoma, akabidhiwe mwalimu kwa jina na sahihi. Walimu wa Chuo cha Ualimu Nachingwea, nawaomba kwa heshima zote: wanafunzi wenu wanatoka mikoa mingi na wanajua kuandika, wapeni kazi ya kuhoji wazee, muhula mmoja tu, na kazi hizo msizichome baada ya kusahihisha. Vyama vya msingi vya korosho na ufuta vina ofisi na makabati yenye kufuli. Rafu moja haimnyimi mkulima stakabadhi yake.

Njia ya kurudi ninayoijua inapita daraja la Mtambaswala, mita 720 juu ya Ruvuma, lililofunguliwa mwaka 2010. Tangu vurugu za Cabo Delgado zianze mwaka 2017 wengi tunapendelea kuzunguka kwa ndege hadi Dar es Salaam, kisha basi kuelekea kusini. Ni safari ndefu, lakini wakubwa zetu waliongoja kivuko cha Rufiji kwenye tope, kabla ya daraja la Mkapa la mwaka 2003, wanatuambia tunadeka.

Mwaka huu ninarudi msimu wa ufuta. Daftari langu lina kurasa arobaini na mbili, na ukurasa wa kwanza ni ule wa kisamvu, kwa sababu mwenye swali bado anadai jibu refu. Ukurasa wa mwisho nimeuacha wazi kwa ajili ya mama wa mihogo. Ukimjua, au ukimjua aliyemjua, mwandike hata mistari mitano, uniwekee kwa dada. Kuna mzee huku anasubiri nimletee habari zake.