Majitaka: Maghorofa yapaa magharibi mwa Nairobi, matangi yabaki yale yale

LAWAMA kuhusu uchafu wa mito ya Nairobi zimezoea kuelekezwa upande mmoja. Kila mvua inapofurisha mito hiyo, macho hugeukia Mathare, Korogocho na Mukuru. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, ni katika mitaa ya mabanda ambako tingatinga zilionekana zikibomoa nyumba zilizojengwa ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito. Ilhali maji hayaanzii huko. Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo hupita kwanza nyuma ya makazi ya Lavington, Kileleshwa na Kilimani, ambako mpangaji hulipa kodi nono kila mwezi bila kujua maji ya choo chake huishia wapi.

Kutojua huko kuna chanzo chake. Ardhi ya jiji huteremka kutoka magharibi kuelekea mashariki, na mabomba makuu ya majitaka hufuata mteremko huo kutoka katikati ya jiji hadi mabwawa ya kusafishia ya Dandora, yaliyoko Ruai. Katikati ya jiji tatizo kubwa ni mabomba yaliyochakaa pamoja na majengo yaliyounganisha vyoo kisirisiri na mitaro ya maji ya mvua. Lakini Karen, Loresho na sehemu kubwa ya Lavington ni mitaa iliyojengwa bila bomba la majitaka. Kila nyumba ilichimba tangi lake na shimo la kunyonyea maji.

Mpango huo haukuwa mbovu. Ploti ilikuwa nusu ekari au zaidi, familia ni moja, na udongo mwekundu wa upande huo hunyonya maji vizuri, tofauti na udongo mweusi wa mfinyanzi wa Embakasi ambao hugoma kabisa. Ndani ya tangi uchafu mzito hutuama chini, mafuta huelea juu, na bakteria wasiohitaji hewa huanza kuumeng'enya. Maji yanayotoka hapo bado ni machafu. Kazi kubwa ya kuyasafisha hufanywa na udongo, si tangi.

Jambo hili ndilo linalosahauliwa pindi nyumba ya chini inapobomolewa na ghorofa kuinuliwa mahali pake. Tuseme jengo lina nyumba 40, kila moja ina watu wanne, na kila mtu hutumia lita 150 kwa siku. Hizo ni lita 24,000 za majitaka kila kutwa, katika ploti ambayo awali ilipokea labda lita 1,000. Isitoshe, udongo wenyewe haupo tena: chini kuna maegesho ya magari na juu pamesakafiwa kwa matofali. Lori la kawaida la kunyonya majitaka hubeba takriban lita 10,000. Kwa hesabu hiyo jengo lingehitaji malori mawili au matatu kila siku ya Mungu, yavuke jiji zima katika msongamano hadi mahali palipoidhinishwa kumwagia. Si kila mwenye jengo anayegharamia safari hizo, na usiku wa mvua bomba la kuelekeza uchafu mtoni halionekani.

Wala si kweli kwamba sheria haikuliona hili. Mwongozo wa matumizi ya ardhi uliotolewa na jiji mwaka 2004 uliruhusu maghorofa Kileleshwa na Kilimani kwa masharti mawili: yasizidi orofa nne, na yawe yameunganishwa na bomba la majitaka. Kwa Lavington na Loresho, ploti isiyo na bomba haikupaswa kupungua hekta 0.2. Waandishi wa mwongozo huo walielewa kwamba idadi ya orofa na njia ya majitaka ni suala moja. Leo majengo ya orofa zaidi ya 10 yamejaa Kileleshwa na Kilimani. Orofa ziliongezwa, lakini upanuzi wa mabomba haukwenda kwa kasi hiyo.

Kisha zikaja Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Kanuni hizo zilimtaka anayemwaga majitaka katika mazingira awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), na zikaweka viwango: hitaji la oksijeni la kibayolojia lisizidi miligramu 30 kwa lita. Majitaka ya nyumbani huwa na mamia ya miligramu, na tangi la kawaida hupunguza sehemu tu ya kiasi hicho. Kwa maneno mengine, tangi pekee haliwezi kukitimiza kiwango hicho hata likijengwa kwa ustadi gani.

Wajenzi wengine wamekimbilia mitambo midogo ya kusafisha majitaka ndani ya ploti. Mtambo mzuri huweza kufikia kiwango, ila huhitaji umeme wa kupuliza hewa mchana na usiku pamoja na fundi anayeuelewa. Mwenye kuuza nyumba akishakabidhi funguo, bili ya umeme huwa ya wakazi, na kamati ya wakazi inapotafuta pa kupunguza matumizi, mashine iliyofichwa chini ya maegesho ndiyo huzimwa kwanza. Ripoti ya athari kwa mazingira iliyoidhinisha jengo hubaki safi kabatini.

Hapa ndipo udhaifu wa usimamizi unapojitokeza. Kaunti huidhinisha ramani, NEMA hutoa leseni, Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi husimamia mabomba, na maafisa wa afya ya umma wana sheria yao. Kila ofisi hukagua karatasi yake. Ni nani hufungua mfuniko wa tangi miaka mitano baadaye? Mara nyingi jibu huwa harufu.

Hatari haiishii kwa pua. Wakazi wengi wa upande huo hutegemea visima vya mashine, mara nyingine ndani ya ploti ile ile yenye tangi. Kisima ambacho bomba lake la kinga limepasuka huweza kuteremsha uchafu wa juu hadi kwenye maji ya kunywa. Nao Kawangware na Kangemi, majirani wa Lavington na Loresho, wengi wakitumia vyoo vya shimo, hawana fedha za kununua maji ya chupa.

Mnamo Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mpango wa kufufua Mto Nairobi, ambao unajumuisha kutandaza mabomba mapya ya majitaka kando ya mito. Bomba kuu hata hivyo halimfikii mtu chumbani. Lazima mwenye jengo agharamie kuunganishwa, tangi la zamani linyonywe na kufukiwa, na asiyetaka alazimishwe.

Kwa sasa mnunuzi wa nyumba ana kifaa kimoja ambacho hukitumia kwa nadra. Sheria ya 1999 iliitaka NEMA iweke rejista ya leseni za kumwaga majitaka, na ikaifanya kuwa waraka wa umma ambao mtu yeyote anaweza kuukagua kwa kulipa ada. Wakili anayepekua hatimiliki ya ardhi kwa niaba ya mteja angeweza kuomba kuiona rejista hiyo siku hiyo hiyo.