Gitaa la Solo Hujengwa kwa Vipande

Askari kijana anaponunua gitaa kwa akiba ya miezi kadhaa, shauku yake ya kwanza ni kupiga solo. Hataki rizimu, wala besi hataki kusikia. Bendi ya kambini humpa nafasi Jumamosi ya kwanza na ya pili. Naye humwaga sauti kama mvua ya masika, waimbaji wasijue mahali pa kuingilia. Jumamosi ya tatu kiongozi humkabidhi mwingine solo. Nyumbani mke huuliza fedha zile zimezaa nini, na kwa hakika ana haki ya kuuliza.

Mara nyingi vidole vya kijana huyo havina kasoro. Tatizo ni kwamba hana akiba ya vipande, yaani zile sentensi fupi za sauti nne, tano au sita ambazo mpigaji hodari huzihifadhi kichwani na kuzitoa kwa wakati wake. Franco Luambo Makiadi (1938–1989), ambaye gitaa lake la kwanza lilikuwa la kujitengenezea, aliweza kushika kipande kimoja kifupi katika sebene akakizungusha tena na tena, akikibadili kidogo tu, na wachezaji wasichoke.

Kwa askari aliyeko Jinja, shule ya jambo hili haiko mbali. Katika kijiji cha Nakibembe, Busoga, hupigwa embaire, marimba makubwa ya mbao yanayolazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti ivume. Wapigaji kadhaa huketi pande mbili za chombo kimoja. Kila mmoja ana kipande chake kifupi, na sauti za huyu huangukia katika mianya ya yule, hata msikilizaji hudhani anasikia mkono mmoja wenye kasi ya ajabu. Hakuna kati yao anayekimbia peke yake. Mwenye kutaka solo na akae hapo jioni nzima, gitaa aliache nyumbani.

Akirudi, aanze na kipande kimoja tu, kwa sauti ya Do: sol, la, do, mi. Uzi mwembamba kabisa ukihesabiwa kuwa wa kwanza, sol ni uzi wa tatu ukiwa wazi. La ni uzi huohuo katika nafasi ya pili. Do ni uzi wa pili, nafasi ya kwanza. Mi ni uzi wa kwanza ukiwa wazi. Kwanza akiimbe kwa mdomo. Kisha akipige polepole, mguu ukihesabu, mpaka kitoke safi mara ishirini mfululizo.

Hapo ndipo utamu huanza. Rizimu ikihamia Fa, sauti tatu za mwanzo zibaki zilezile ila ya mwisho iwe fa, uzi wa kwanza nafasi ya kwanza. Ikihamia Sol, mwisho uwe re, uzi wa pili nafasi ya tatu. Sauti moja tu imebadilika, na tayari solo inafuatana na wimbo badala ya kugombana nao. Baadaye akihamishe kipande chote katikati ya shingo ya gitaa: sol na la katika uzi wa nne, nafasi ya tano na ya saba, do uzi wa tatu, mi uzi wa pili, zote nafasi ya tano. Sauti ni zilezile, lakini mkono umepata njia mpya. Kipande kimoja kwa juma chatosha. Anayedai kujifunza kumi kwa siku moja hajajifunza hata kimoja.

Uhamisho ukimpeleka Mbale, asilalamike. Chini ya Mlima Elgon, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ngoma za kadodi hutangulia vijana wanaokwenda tohara ya imbalu, nazo zitamfundisha mahali pa kuanzia kipande na mahali pa kunyamaza. Ng'ambo ya mpaka, magharibi ya Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alipiga gitaa la mtindo wa omutibo huku chupa ya soda ikigongwa kushika mwendo. Rekodi zake zingali zikipatikana, na simu ya siku hizi huweza kurudia kipande kimoja mara mia, tena polepole. Wapigaji wa zamani walingoja redio ipige wimbo, wakaukamata sikio likiwa wazi au wakaukosa.

Limebaki suala la nyumba, kwa kuwa kuta za laini za askari ni nyembamba na jirani ametoka zamu ya usiku. Gitaa la umeme lipigwe bila amplifaya. Gitaa la mbao liwekewe kitambaa kilichokunjwa chini ya nyuzi, karibu na daraja. Sauti itakuwa butu, lakini kosa litasikika vilevile, na mtoto ataendelea kulala.