Sadaka Iachwe Mbele ya Madhabahu

Katika makanisa yetu siku hizi ibada hupimwa kwa masikio: kwaya ikiimba kwa vinanda na vipaza sauti, waumini wakalia na kuinua mikono, basi husemwa kwamba leo tumeabudu kwelikweli. Sina ugomvi na machozi wala na ngoma, maana Daudi mwenyewe alicheza mbele ya sanduku la agano. Lakini nashikilia kwamba ikhlasi ya mwenye kuabudu hudhihirika katika hesabu yake na jirani yake kuliko katika sauti yake.

Mafundisho haya ni ya kale. Amosi, mchungaji wa Tekoa aliyetumwa kaskazini hadi Betheli katika karne ya 8 kabla ya Kristo, aliwakuta Waisraeli wakitoa dhabihu zilizonona na kupiga vinanda kwa ufundi, ilhali maskini wakiuzwa kwa bei ya jozi ya viatu na mizani ya sokoni ikipunjwa. Akawaambia kwa jina la Bwana kwamba nyimbo zao ni makelele. Naye Bwana Yesu, katika hotuba yake ya mlimani, alimwagiza mtu aliyekwisha kufika madhabahuni, akakumbuka hapo kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka papo hapo, aende kwanza kupatana naye, ndipo arudi kuitoa. Na tuutafakari uzito wa agizo hilo: wasikilizaji wake wengi walikuwa watu wa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Ibada yenyewe inaamriwa ingoje, wala si deni la jirani.

Afrika ya Mashariki imepata kuyaona mambo haya kwa macho. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Buganda, alikutana na Joe Church, daktari wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Baadaye Yosiya Kinuka, mkubwa wa watumishi wa hospitali hiyo, alikwenda Kampala kuonana na Nsibambi. Na alipolalamika juu ya hali mbaya ya mambo Gahini, aliambiwa kwamba sababu ya ubaya huo ni dhambi iliyomo moyoni mwake mwenyewe. Ni maneno machungu kumwambia mgeni aliyetoka mbali. Lakini Kinuka alirudi kazini mtu mwingine, akawa mmoja wa nguzo za Uamsho wa Kikristo wa Afrika ya Mashariki, uliovuka mipaka hadi Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya.

Ndugu wa Uamsho waliimba sana, na wimbo wao wa Kiganda ungali ukiimbwa hata leo. Walakini kilichowastaajabisha majirani, wakiwamo wasiomjua Kristo, kilikuwa kuona mwizi akibisha hodi mchana, amebeba mali aliyoiba. Mdeni akilipa deni ambalo mdai wake alikwisha kulisahau. Na mmisionari wa Kizungu, katika zama za ukoloni, akimwomba Mwafrika msamaha kwa kiburi chake. Ni kweli kwamba baadhi yao walifanya toba yenyewe kuwa jambo la kuonyesha, wakawahukumu wenzao wasioungama kwa namna yao, kwa kuwa riya haikosi mlango wa kuingilia hata penye machozi. Hata hivyo, mali iliyorudishwa ilikuwa imerudi.

Sasa tujitazame. Jumapili mama hukaa kitini akiwa na kitenge kipya na bahasha ya ahadi ya ujenzi, na jina lake husomwa kwa shangwe. Na nyumbani kwake binti amfuliaye nguo hajaona mshahara, kila akiuliza huambiwa mambo bado magumu. Bahasha ile ina fedha ya binti yule ndani yake. Kuitia katika kapu la sadaka ni kumshirikisha Mungu katika dhuluma.

Atatokea mwenye kuniambia kwamba hivi ni kuigeuza neema kuwa matendo. Namjibu: Zakayo hakuinunua neema, kwa maana Yesu alimwita ashuke mkuyuni kabla hajaahidi lolote; lakini neema ilipoingia nyumbani mwake, neno lake la kwanza lilikuwa juu ya fedha: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji na wazee wa kanisa jambo moja jepesi kutamka na zito kutenda: kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana, matangazo ya michango yanyamazishwe, na badala yake washarika waulizwe waziwazi kama wamewalipa vibarua, watumishi wa nyumbani na wenye maduka wanaowadai; na mwenye bahasha ambaye bado hajalipa, aambiwe kwa upole arudi nayo nyumbani, akaanzie huko.