Ngazija: Tusiicheke Ada

Tukitaja Ngazija, sisi watu wa mwambao hutaja mambo mawili: elimu na harusi. Elimu twaitaja kwa heshima, maana Habib Saleh, aliyeusimamisha Msikiti wa Riyadha kule Lamu, alizaliwa huko. Harusi twaitaja kwa kicheko. Utasikia barazani: "Mngazija hutumika Marseille miaka ishirini, akirudi kwao huzimaliza fedha zote kwa siku saba!" Mimi kicheko hicho sikipendi.

Harusi hiyo ndiyo ada. Asiyeitimiza, hata akiwa na mvi, hana neno katika kikao cha wakubwa wa mji. Aliyeitimiza huvaa joho na kuketi mbele. Ali Soilih, aliyetwaa serikali tarehe 3 Agosti 1975, hata miezi miwili haijatimia tangu uhuru, aliipiga vita. Mei 1978 askari wa kukodiwa wa Bob Denard walimpindua, akauawa mwezi huo huo. Ada ikarudi kwa kishindo.

Jee, ajabu? Rais Ahmed Abdallah aliuawa 1989. Denard akaja tena 1995. Nzuwani ikajitenga 1997. Mapinduzi na majaribio yake yapata ishirini. Pale serikali isipodumu, mtu ataweka wapi akiba yake? Huiweka kwa watu wake. Tena fungu la fedha za ada huingia katika mfuko wa mji, na kwazo zimejengwa barabara, misikiti na madarasa.

Lililo zito ni jengine. Visiwa hivi huuza harufu na kununua chakula. Karafuu, vanila na langilangi huenda nje. Mchele, tonge ya kila siku, huja kwa meli. Bei ya vanila ilipaa mwaka 2003, kisha ikaporomoka, na mkulima hakuulizwa. Pengo huzibwa na fedha za watoto walio Ufaransa. Asiyeweza kufika huko huvuka kwa mashua kwenda Maore, iliyobaki mikononi mwa Wafaransa. Tangu ilipowekwa viza mwaka 1995, bahari hiyo imemeza roho nyingi.

Rai yangu ni hii: ada isivunjwe, igeuzwe. Dhahabu ipunguzwe, na fungu la mji liende pia katika mashamba ya chakula na vyombo vya uvuvi. Jambo hili halitakuja kwa amri, Soilih alijaribu. Litakuja siku wazee watakapokubali kuwa kijana aliyelisha mji wake naye amestahiki joho.

Na sisi wachekaji? Harusi zetu za Mombasa twazifanya kwa mikopo, na zikesha hatuachi barabara wala darasa, ila deni. Mcheka kilema hafi bila kumfika. Na sisi, waama, kimeshatufika.