Kabla Hujanunua Redio ya Ndege, Panda Paani Kwanza

Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu karibu kumi: "Bro, ile mashine yako ya kuona ndege, mimi ninunue gani?" Nikijibu, mtu ananitumia picha ya redio ya bei ya mbuzi wawili, ina skrini ya rangi na antena ndefu, halafu ananiuliza, hii je? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Maoni yangu nayaweka hapa mara moja: kijana wa Pwani ya Kusini hahitaji redio ya ghali. Anahitaji kidude cha USB, waya, mahali pa juu na marafiki watatu. Hao marafiki ndio sehemu ngumu, ntafika huko.

Kwanza niwaambie nilivyoliwa. Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilirudi Wasini, nikawa napiga picha za wageni wanaokwenda Kisite kuona pomboo. Pesa ya kwanza ya maana niliyopata nikanunua wokitoki mtandaoni, kwa sababu muuzaji aliapa kwamba inashika ndege. Nikakaa barazani jioni nzima. Ndege zapita, wokitoki kimya kama kaburi. Mama alinitazama tu, hakusema kitu, na kule kutosema ndiko kulikoniuma.

Baadaye ndo nikajua. Wokitoki nyingi za bei rahisi zinapokea FM, na marubani wanaongea kwa AM, kati ya megahezi 118 na 137. Ni kama kumsubiri mgeni Lunga Lunga na yeye ameshuka Likoni. Kwa hivyo somo la kwanza: redio isipoandikwa wazi kwamba inapokea AM kwenye masafa hayo, hiyo si ya ndege. Tena wokitoki ina kitufe cha kuongea. Kitu chenye uwezo wa kurusha sauti hewani si cha kuchezea karibu na njia ya ndege. Unataka kusikiliza? Tafuta kifaa kinachopokea tu.

Sasa tuelewane: kuona ndege na kuisikia ni vitu viwili. Kuona ni hivi. Ndege nyingi za kisasa zinajua mahali zilipo kwa GPS, na kila sekunde zinatangaza hewani kwa megahezi 1090: mimi ni nani, niko wapi, niko juu kiasi gani, naenda kasi gani. Mfumo huo unaitwa ADS-B. Haujafungwa kwa nywila. Ukiwa na kidude cha kupokea, unapata. Zile ramani za ndege unazozifungua kwenye simu, kama Flightradar24, zinategemea sana watu wa kawaida walioweka vipokezi juu ya paa zao na kutuma walichokipata.

Kidude chenyewe ni kama flashi. Cha asli hakizidi sana dola 30 au 40. Unakichomeka kwenye laptopu, ama kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, na hata kwenye simu ya Android kwa kutumia waya wa OTG. Na hapa ndipo watu wanapotupa pesa: kidude hicho hicho, ukibadilisha programu na antena, kinasikiliza pia sauti za marubani. Si vyote kwa wakati mmoja, lakini kwa mtu anayeanza kinatosha. Kwa nini basi ununue redio ya pili kabla hujajua kama utaupenda mchezo wenyewe?

Antena usinunue. Wimbi la megahezi 1090 lina urefu wa sentimita 27 na nusu, na robo yake ni kama sentimita 7. Kipande kimoja cha waya wa shaba kisimame wima, vinne viinamishwe chini kama miguu ya kaa, umemaliza. Yangu ya kwanza niliitengeneza kwa waya wa umeme uliobaki fundi alipomaliza kazi.

Pesa uliyookoa itumie kupanda juu. Mawimbi haya yanakwenda moja kwa moja, hayapindi kona. Ndege iliyo mita 11,000 angani unaweza kuishika ikiwa zaidi ya kilomita 400, mradi hakuna kilichokuziba. Lakini ndege ndogo iliyo mita 300, hesabu inakupa kilomita 80 hivi tu, na hiyo ni kabla ya minazi na nyumba ya jirani kudai haki yao. Antena ya dola 100 iliyokaa dirishani inashindwa na waya wangu ulio juu ya mlingoti. Na waya wa kushuka usiwe mrefu, maana kwenye masafa haya waya mwembamba unakula mawimbi njiani. Afadhali kidude kikae karibu na antena, ndani ya kopo lililozibwa vizuri. Chumvi ya bahari haina huruma, muulize yeyote mwenye injini ya boti.

Umeme nao uhesabu. Kwetu nyumbani twatumia sola. Kompyuta ndogo inayokula wati 5 usiku na mchana inataka wati-saa 120 kwa siku. Kwa mtu wa Diani hilo si kitu, kwangu mimi hiyo ni taa na simu za watu wa nyumbani. Kwa hivyo mtambo wangu unalala usiku. Sitaki kumwacha Mama gizani ili nione ndege ya watu wasionijua.

Tuje kwenye kusikiliza. Babu yangu alikuwa nahodha. Siku nilipomweleza, aliniuliza, "Mjukuu wangu, wataka uyasikize maneno ya wenyewe?" Nilicheka, lakini swali lile halijaniacha. Uingereza, kusikiliza mawasiliano ya ndege yasiyokuhusu ni kosa kisheria. Marekani wanasikiliza bila shida. Kwetu Kenya, Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 inaviweka vifaa vya redio chini ya leseni, na mwenye kauli ni Mamlaka ya Mawasiliano. Waulize kabla ya kununua, si baada ya kukamatwa. Na maoni yangu ni kwamba sauti ya rubani si ya kuwekea muziki chini yake utafute likes. Mtu yuko kazini, amebeba roho za watu.

Nina sababu ya kusema hivyo. Tarehe 28 Oktoba 2025, ndege ndogo iliyotoka Diani kwenda Kichwa Tembo kule Maasai Mara ilianguka hapa hapa Kwale. Watu 11 walikufa, abiria 10 na rubani. Asubuhi ile simu yangu haikunyamaza: "We si mtu wa ndege, tuambie." Taarifa ya kwanza ilisema waliokuwemo ni 12. Saa ya ajali iliandikwa 0530Z, na kuna walioisoma wakaandika kwamba ilikuwa alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Z ni saa za dunia nzima, na Kenya iko mbele kwa saa 3. Ilikuwa saa mbili u nusu asubuhi, kumekucha. Ni herufi moja tu, lakini ikasimuliwa hadithi nyingine ya ndege iliyoruka gizani.

Mtambo wangu usingemwokoa hata mmoja, na yeyote anayekuuzia mtambo kwa maneno ya kuokoa watu anakudanganya. Lakini mchezo huu umenifunza kusoma Z, na kungoja kabla ya kuposti. Siku ile niliwajibu watu wangu neno moja: sijui. Nimepoteza wafuasi kadhaa, sawa.

Tena mtambo hauoni ndege isiyojitangaza. MH370 ilipopotea tarehe 8 Machi 2014 na watu 239, transponda yake iliacha kujibu, na kwenye ramani ikawa kama haijawahi kuwepo. Juni 2016 kipande cha bawa lake kiliokotwa Pemba, ng'ambo ya mkondo huu tunaovua sisi. Mitambo ya dunia nzima ilishindwa, mawimbi ndiyo yakaleta jibu kidogo.

Sasa wale marafiki watatu. Kuna ndege zenye transponda ya zamani, inayosema jina lake lakini haisemi mahali ilipo. Hizo zinatafutwa kwa hesabu: vipokezi visivyopungua vinne vinapokea mlio mmoja, vinalinganisha tofauti ndogo sana ya muda uliofika kila mahali, na mahali pa ndege panapatikana. Mimi peke yangu Wasini siwezi, hata ninunue mtambo wa milioni. Kipokezi kimoja ni jicho moja.

Ndiyo maana nasema usinunue redio ya ghali. Ile pesa ya redio moja inaweka vidude kwa watu wanne. Wakati huu ukifungua zile ramani, ndege za kwenda Ukunda zinashuka vizuri halafu kwenye simu yangu zinapotea kabla ya kutua, kwa sababu chini huku hakuna aliye karibu wa kuziona. Tunalalamika ati kila kitu cha Pwani kinasimuliwa na watu wa mbali. Hiki hapa kimoja ambacho hakihitaji digrii, wala ruhusa ya mtu wa Nairobi kupanda paa la nyumba yenu. Na ukituma data kwa hizo ramani, wengi wao wanakufungulia akaunti ya kulipia bure.

Mimi niko Wasini. Natafuta mmoja Msambweni, mmoja Ukunda, na mmoja Kwale mjini kule juu mlimani. Wa Kwale ndiye namhitaji zaidi, kwa sababu sisi wengine tumejipanga kando ya bahari kama vifungo vya shati, na hesabu ile haipendi mstari ulionyooka. Waya wa antena nnao wa kutosha watu wote wanne. Kidude ujinunulie, na ruhusa ya kupanda paani omba kwa mwenye nyumba.